Mkulima Una Mali, Mbona Huna Pesa? Jinsi ya Kulipanga Kapu Lako la Uwekezaji

Leo naweka pembeni kidogo viwavijeshi na mbolea. Tuzungumzie kitu ambacho mkulima wengi hatukai tukakiangalia, nacho ni mali tuliyonayo na namna tulivyoipanga.

Mwezi wa kwanza mwaka jana alikuja ofisini kwangu mama mmoja wa kata yangu. Namfahamu, ni mkulima mzuri wa mahindi na mbaazi, ana ng'ombe na mbuzi, na kwenye kikundi ni mweka hazina. Baada ya salamu akaniambia, "Bwana shamba, mimi nina mali lakini sina pesa." Mtoto wake alikuwa amepata nafasi ya chuo na alitakiwa kulipa ndani ya wiki moja. Alishauza dume ambalo mnadani lingefika 700,000. Dalali alijua mama ana haraka, akampa 430,000. Yaani 270,000 zimepotea kwa sababu ya siku saba tu.

Sikuwa na cha kumpa siku ile. Lakini tulikaa na daftari, tukaandika kila alichonacho. Nilichojifunza kwenye daftari lile ndicho ninachokuletea leo, pamoja na kosa langu mwenyewe ambalo nitalisema hapa chini bila kuficha.

Naomba nieleweke. Mimi ni afisa ugani, siyo mshauri wa fedha, na hakuna taasisi inayonilipa niitangaze. Naongea kama mtu anayeishi na wakulima na anayelima mwenyewe.

KAPU LA UWEKEZAJI NI NINI?

Ni jumla ya vitu vyote ulivyoweka pesa yako ukitegemea vikuzalishie au vikutunzie thamani. Watu wa benki wanaita potifolio. Usifikiri ni jambo la watu wa mjini wenye hisa. Mahindi yaliyoko ghalani ni uwekezaji. Mbuzi ni uwekezaji. Hisa zako za VICOBA, kiwanja, miti ya mitiki, hela iliyoko kwenye simu, vyote vimo ndani ya kapu. Kwa hiyo swali siyo kama una kapu au huna. Unalo. Swali ni kama umelipanga wewe au limejipanga lenyewe.

Chakula cha familia usikihesabu. Shamba unalolima na nyumba unayolala pia viweke pembeni. Shamba ni kiwanda chako, na ukikiuza utazalishia wapi?

KOSA LANGU LA MWAKA 2017

Huku kwetu Babati mbaazi tunazipanda ndani ya mahindi. Misimu ya 2015 na 2016 bei ilipanda mpaka kupita shilingi 2,000 kwa kilo. Kila mtu aliziita dhahabu. Mimi nilikuwa bado mgeni kazini, nimetoka chuo na diploma yangu, nikawa nawaambia wakulima waongeze ekari. Na mimi nikakodi ekari nne, mbaazi tupu, kwa gharama ya 1,100,000. Kati ya hizo, 700,000 zilikuwa za mkopo.

Mavuno yalikuwa mazuri, nilipata magunia 20. Lakini Agosti 2017 Serikali ya India, ambao ndio wanunuzi wakubwa wa mbaazi zetu, iliweka kikomo cha tani 200,000 za mbaazi za kuingia nchini kwao kwa mwaka. Bei huku ikaanguka mpaka mia chache kwa kilo. Mimi niliuza kwa 300. Nilitegemea milioni nne, nikapata 600,000. Hata mkopo haukutosha kulipika.

Kilichoniuma zaidi siyo hela yangu. Ni wale walionisikiliza. Kuna mzee nilikutana naye njiani, akaniamkia vizuri tu kama kawaida, hakusema neno la mbaazi. Ningependa angenitukana.

Sasa, kosa lilikuwa wapi? Mbaazi siyo zao baya. India walifungua tena mwaka 2021. Kosa lilikuwa kwamba hela yangu yote ilitegemea mnunuzi mmoja, na tena ilikuwa ya mkopo, kwa hiyo sikuwa na nguvu ya kusubiri. Waliokuwa na ng'ombe, mahindi na hela kidogo pembeni waliumia, lakini hawakuanguka.

WINGI WA VITU SIYO USALAMA

Hapa naomba tuende polepole, maana hapa ndo kiini cha makala hii.

Wengi tunaambiwa tusiweke mayai yote kwenye kapu moja. Mkulima anajibu, "Mimi siyaweki. Nina mahindi, nina mbaazi, nina ng'ombe, nina mbuzi, nina kuku na niko VICOBA." Vitu sita. Lakini jiulize, mvua ikikata, ni vingapi kati ya hivyo vitabaki salama?

Mahindi yatakauka. Malisho yatakauka, ng'ombe watakonda. Na ng'ombe hawakondi peke yao, wanakonda wa kijiji kizima, kwa hiyo kila mtu anapeleka mnadani siku hiyo hiyo na bei inaanguka wakati gunia la mahindi linapanda. Tuliona hilo kwenye mkoa wetu huu huu, kule Simanjiro, ukame wa mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022. Mifugo ilikufa kwa maelfu, na iliyobaki hai iliuzwa kwa bei ya huzuni. Mtu mwenye ng'ombe mia alikuwa tajiri mwezi wa sita, na mwezi wa kwanza anatafuta debe la mahindi.

Na VICOBA je? Wanachama wenu ni akina nani? Ni wakulima wa kijiji kile kile. Mvua ikikata wote mtataka mkopo mwezi mmoja na wote mtachelewesha marejesho mwezi mmoja. VICOBA ni kitu kizuri sana, lakini nacho kinanyeshewa na wingu lile lile.

Kwa hiyo usihesabu vitu. Hesabu sababu zinazoweza kuviangusha. Vitu sita vinavyoangushwa na sababu moja ni kitu kimoja.

ZOEZI LA DAFTARI

Chukua karatasi, piga mistari upate safu nne: kitu, thamani yake nikikiuza leo, siku ngapi mpaka kiwe pesa mkononi, na kitu gani kinaweza kukiua. Kwenye thamani usiandike bei unayoitamani, andika bei ya mnada uliopita. Hivi ndivyo lilivyokuwa daftari la yule mama tulipolirudia mwezi wa saba baada ya mavuno. Ameniruhusu nilitumie bila jina lake:

- Ng'ombe 6: 4,200,000. Siku 7 hadi 14 kwa bei nzuri, siku 1 kwa bei ya dalali. Adui: ukame, magonjwa.
- Magunia 30 ya mahindi ya kuuza: 1,800,000. Siku 2 hadi 5. Adui: dumuzi, unyevu, bei kushuka.
- Mbuzi 10: 900,000. Siku 7. Adui: ukame, magonjwa, wizi.
- Hisa za VICOBA: 600,000. Mpaka kikundi kivunje mzunguko mwezi wa 12. Adui: wenzake kushindwa kurejesha.
- Kuku 25: 300,000. Siku 1 hadi 3. Adui: mdondo. Ukiingia bila chanjo unaweza kumaliza banda lote ndani ya wiki.
- Pesa kwenye simu: 200,000. Dakika moja. Adui: matumizi yasiyo na mpango.

Jumla 8,000,000. Ana deni la VICOBA 300,000, ukilitoa anabaki na 7,700,000. Watumishi wengi wa Serikali, nikiwemo mimi, hatuna hiyo akiba. Mama siyo maskini.

Sasa angalia safu ya nne. Ukiondoa pesa ya simu, vyote vinategemea mvua ya kijiji kimoja, moja kwa moja au kupitia kwa majirani. Hiyo ni 7,800,000 kati ya 8,000,000. Angalia na safu ya tatu: kinachopatikana leo hii bila kupoteza thamani ni 200,000 tu. Ndiyo maana dalali alimpata.

GAWA KAPU KATIKA MAFUNGU MATATU

Fungu la kwanza ni la dharura. Ugonjwa, msiba, mtoto kuitwa shule. Lengo lisipungue matumizi ya familia ya miezi mitatu. Hili halitafuti faida kubwa, linatafuta kupatikana haraka. Kazi yake ni kukulinda usiuze kitu kizuri kwa bei mbaya.

Fungu la pili ni la msimu. Mbegu, mbolea, viuatilifu, kibarua, chanjo ya mifugo. Hili linajulikana tarehe yake. Kumbuka pesa ikikaa tu nayo inaliwa. Waliotenga hela ya DAP kwa bei ya 2020 wakaiweka chini ya godoro, mwaka 2022 kabla ya ruzuku walikuta mfuko umepita 100,000. Kwa hiyo fungu hili ukiweza ligeuze mapema kuwa pembejeo yenyewe, ilimradi uhifadhi pakavu na uangalie tarehe ya mwisho ya mbegu.

Fungu la tatu ni la miaka. Chuo cha watoto, nyumba, uzee wako. Hapa ndipo ng'ombe wa kuzaa, miti, kiwanja na uwekezaji wa nje ya kijiji vinapokaa. Hili linaruhusiwa kupanda na kushuka kwa sababu hulihitaji kesho.

Shida ya wengi wetu ni kwamba tuna fungu la tatu kubwa, la pili dogo, la kwanza hakuna. Basi kila dharura inakwenda kula ng'ombe.

KUWEKA SEHEMU NJE YA WINGU LA KIJIJI

Siyo lazima iwe nyingi. Lakini iwepo sehemu ambayo mvua ya Babati ikikata, yenyewe haijui.

Mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Inayojulikana zaidi ni ya UTT AMIS, taasisi iliyo chini ya Serikali. Watu wengi wanachangia, pesa inawekezwa kwenye hatifungani, amana za benki, na mifuko mingine kwenye hisa. Wewe unanunua vipande, na thamani ya kipande hutangazwa. Mfuko wa Ukwasi ndio unaomfaa anayeanza, kwa sababu ukiomba kuuza vipande pesa inarudi ndani ya siku chache za kazi. Unaweza kujiunga hata kwa simu. Lakini elewa, hii siyo ahadi ya faida. Thamani ya kipande inaweza pia kushuka, hasa kwenye mifuko yenye hisa nyingi.

Hatifungani za Serikali. Hapa unaikopesha Serikali kupitia Benki Kuu kwa miaka 2 mpaka 25, nayo inakulipa riba kila miezi sita. Kianzio ni milioni moja, unapitia benki yako au dalali wa soko la hisa. Ni salama, lakini ni ya muda mrefu. Ukitaka kutoka kabla, inabidi umpate mnunuzi sokoni, na bei inaweza kuwa chini ya uliyonunulia. Usiweke humo hela ya mbolea.

Hisa. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998, na benki kama NMB na CRDB zimo. Ukinunua hisa wewe ni mmiliki kidogo wa kampuni, inaweza kukupa gawio na bei inaweza kupanda. Inaweza pia isikupe kitu, na bei ikashuka miaka. Hisa ni za fungu la tatu tu.

SACCOS na benki. Zote ni sehemu nzuri ya fungu la kwanza. Kwa SACCOS uliza kama ina leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Na ikiwa ina wanachama walimu, wauguzi na wafanyabiashara, ni bora zaidi kwako kuliko yenye wakulima watupu, kwa sababu mshahara wa mwalimu hauogopi ukame.

LIPA DENI KWANZA

Kabla hujawekeza popote, angalia unadaiwa riba kiasi gani. Yule mama alikuwa anadaiwa 300,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Hiyo ni 30,000 kila mwezi, miezi sita 180,000. Hakuna hatifungani wala ng'ombe atakayekupa faida hiyo kwa uhakika. Kulilipa deni la namna hiyo ndo uwekezaji wako wa kwanza.

WANAOKWAMBIA "PANDA MBEGU"

Mnakumbuka DECI? Watu waliambiwa wapande mbegu ya fedha na kuvuna nyingi zaidi. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na viongozi wake wakafikishwa mahakamani. Wametumia maneno yetu ya shambani kutuibia. Baada ya hapo zimekuja nyingine za kuku, za sungura, za simu. Wewe ni mkulima, unajua mbegu haioti bila udongo. Basi uliza maswali matatu: Faida inatoka kwenye kazi gani? Nani amewapa leseni? Nikitaka hela yangu mwezi ujao naipataje?

Mifuko na hisa vinasimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Benki zinasimamiwa na Benki Kuu. Na vikundi vyetu vya VICOBA, kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vinatakiwa kusajiliwa. Akikujibu kwamba faida inatoka kwa watu utakaowaleta, ondoka hapo.

MAMA ALIFANYA NINI?

Hakubadilisha kila kitu. Alipeleka mnadani ng'ombe wawili, mmoja mzee na mmoja asiyeshika mimba, wakati bado wamenenepa na yeye hana haraka. Akapata 1,400,000. Akalipa deni 300,000. Akaongeza 400,000 kwenye dharura. Akaweka 500,000 Mfuko wa Ukwasi kwa ajili ya chuo. Akanunua pembejeo za 200,000 mapema.

Mahindi aliyagawa: magunia 10 aliuza mwezi wa saba, 10 mwezi wa 11, na 10 akayaacha mpaka mwezi wa pili. Ya kukaa aliyakausha vizuri na kuyatia kwenye mifuko isiyopitisha hewa, kwa sababu dumuzi hasubiri bei ipande. Kuuza kwa awamu hakukupi bei ya juu kuliko zote, lakini kunakuepusha na kuuza yote kwa bei ya chini kuliko zote.

Ukipiga hesabu, sehemu iliyo nje ya wingu la kijiji imetoka 200,000 na kufika 1,100,000. Ni kama asilimia 14 ya mali yake. Bado ni ndogo. Hakuna haja ya kukimbia.

KAPU LINAPALILIWA KAMA SHAMBA

Lipitie mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza baada ya mavuno, mwezi wa saba au wa nane, unapokuwa na cha kugawa. Mara ya pili mwezi wa 12 kabla ya ada na palizi. Kila mara andika upya zile safu nne. Kama kitu kimoja kimezidi nusu ya kapu, hata kama kinafanya vizuri, punguza. Hasa kama kinafanya vizuri, maana hapo ndipo bei yake ni nzuri na hapo ndipo mimi nilipodanganyika na mbaazi.

Na mkikaa kupanga, kaeni baba, mama na watoto wakubwa. Nimeona familia ambayo baba amefariki na hakuna anayejua namba ya siri wala kikundi alichokuwa anachangia. Siku ya kujaza fomu andika mrithi.

Mwezi wa kwanza mwaka huu chuo kilitaka awamu ya pili. Nilimuuliza mama imekuwaje. Akasema aliuza vipande, akasubiri siku chache, akalipa. Yule dalali alipita tena nyumbani, akatazama zizi, akauliza kama kuna shida yoyote.

"Nilimpa chai," akaniambia, "akanywa, akaenda."

Leo jioni chukueni daftari mwanze na safu nne. Ukikwama njoo nalo ofisini Jumanne au Alhamisi, tutalimalizia pamoja. Makala ijayo tunarudi kwenye chanjo ya mdondo, maana wale kuku 25 nao ni mtaji.